Kitanda cha Kichanga na Maharage ya Mama Deo

Karibuni, wataalamu. Najua ninyi ni wataalamu kwa sababu mnakuja hapa kwangu Ntobeye mkiwa na jibu tayari kwenye simu, halafu mnaniomba nitunge swali. Kijana anafika na pikipiki, ananipa shikamoo kabla hajavua kofia ngumu, na kabla sijamaliza marahaba picha iko usoni pangu. "Babu, angalia hiki kitanda cha mtoto. Kinakaa kando ya kitanda cha mama. Kina matairi, kinabembea, kina muziki. Nitakipata wapi?"

Mimi nimestaafu useremala. Mgongo ulistaafu kwanza, macho yakafuata, mimi nikawa wa mwisho kupata taarifa. Lakini kwa kuwa mnaamini mzee aliyekaa kwenye kiti anangoja kuulizwa, basi kaeni niwaambie niliyoyaona katika kazi ya kutengenezea watu wadogo mahali pa kulala.

Tuanze na hayo matairi. Sijui aliyechora kitanda hicho anaishi wapi, ila nina hakika sakafu ya kwao imenyooka. Huku kwetu nyumba imekaa mlimani, na sakafu imepigwa na shemeji aliyeahidiwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akainywa kabla hajafika kona ya chumba cha kulala. Niliwahi kumtengenezea mteja kitanda chenye matairi, maana aling'ang'ania na mimi nilikuwa na njaa. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake siku kitanda kilipoamua kwenda sebuleni chenyewe kuangalia nani kaja.

Na muziki? Kichanga anakuja na wa kwake, tena hauna kitufe cha kuzimia. Mtauomba baadaye unyamaze, mtaona.

Kazi hii nilifunzwa Bisibo, kule Biharamulo, na mzee mmoja aliyeitwa Zakaria. Alikuwa Msubi, na l na r kwake zilikuwa zinapokezana kazi bila mpangilio. Hakuwa na subira wala sifa kwa mtu yeyote. Ukimwonyesha kazi nzuri aliikagua kwa muda mrefu, halafu anakuuliza kama unaona njaa. Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi. Ukimwonyesha kazi mbaya alikuambia, "Rara hapo." Yaani lala. Ulale mwenyewe kwenye kitanda ulichokiharibu, chaga zikuchome mbavuni, wateja wakiwa wanapita. Nilijifunza useremala zaidi nikiwa nimelala chali kuliko nikiwa nimesimama.

Kwa vitanda vya vichanga alikuwa mkali zaidi. Fito za pembeni alizipima kwa chupa ya soda. Chupa ikipita katikati ya fito, kazi inarudi mezani, kwa sababu panapopita chupa kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya na kichwa kikabaki. Mbao alizinusa. Mbao mbichi ya mkaratusi ilimkasirisha mno. Unaiunganisha leo imenyooka, msimu wa jua ukiingia inajikunja na kuachia misumari. Alitaka paini iliyokauka vizuri, au mgrevilea, imepigwa msasa mpaka uweze kuipitisha shavuni. Vanishi aliipaka mapema na kukiacha kitanda nje siku nyingi mpaka harufu iishe, maana mtoto ataitafuna tu hiyo mbao, awe ameruhusiwa au hajaruhusiwa.

Godoro alitaka gumu, lijae kona zote, lisibaki pengo hata la kupitisha vidole. Mto alikataa. Nyinyi mnanunua mto mdogo wenye maua, umeandikwa karibu mtoto, kana kwamba mtoto atausoma. Mtoto wa siku chache hana haja ya mto. Shingo yenyewe haijui bado kazi yake. Blanketi la manyoya na kidubu cha pamba navyo vikae kabatini, mkaviangalie wenyewe mnapotaka kufurahi. Na chandarua kiwe kimoja kikubwa, kiwafunike mama na mtoto pamoja, kisiwe cha kukunjwa kila mama anaponyonyesha, kwa sababu mara ya tatu ataacha kukishusha tena na mbu watakuwa wamengoja hapo hapo.

Lakini yote hayo Mzee Zakaria aliyahesabu kuwa madogo. Kubwa kwake lilikuwa moja. Kitanda cha kando kina pande tatu tu. Upande wa nne uko wazi na unagusana na kitanda cha mama. Magodoro mawili yawe na kimo sawa na yasiachane. Halafu mama alale, kichwa kikiwa chini kabisa, anyooshe mkono. Kiganja kikitua juu ya kifua cha mtoto bila mama kunyanyua bega, hapo kitanda kimekamilika. Kisipotua, umetengeneza beseni la mbao.

Mnaona lilivyo jepesi. Mama alale, anyooshe mkono. Sasa niwaambie kwa nini katika miaka yangu yote hapa Ngara jambo hilo jepesi lilikuwa haliwezekani.

Kwetu wengi hatumnunulii mtoto kitu kabla hajazaliwa. Wala nguo, wala beseni, sembuse kitanda. Ukinunua unamtangulia Mungu. Na mama mwenyewe ndiye hatakiwi kabisa kukiona. Lakini seremala hawezi kuunganisha kitanda mtoto akiwa njiani kutoka hospitali, kwa hiyo tulijiwekea utaratibu wa heshima, yaani wa uongo. Baba mtarajiwa alikuja karakana akiangalia dari. "Fundi, nataka sanduku." Sanduku la nini? "La vitu." Vitu gani? "Vitu tu. Liwe na pande tatu." Mimi naitikia kwa kichwa, kwa uzito mkubwa, kana kwamba kila mwanaume wa wilaya hii ghafla amepata vitu visivyoenea nyumbani. Sanduku likimalizika nalifunika turubai na kulisukuma nyuma ya karakana. Waliopita walijua, niliyelifunika nilijua, na Mungu tuliyekuwa tunamficha nadhani alijizuia kucheka.

Kwa hiyo aliyetakiwa kulala na kunyoosha mkono hakualikwa. Walialikwa mume, kaka wa mume, na rafiki wa mume aliyewahi kufika Mwanza.

Hivyo ndivyo alivyokuja Deo, kijana wa Mabawe, mkulima wa kahawa na migomba. Ilikuwa miaka hii ya karibuni tu, mgongo wangu ukiwa bado unanitii. Alikuja na kijiti. Alikuwa amekisimamisha sakafuni kando ya kitanda chake na kukikata pale godoro lilipoishia, na nilimsifu kwa sababu wengi walikuja na kumbukumbu. "Kitanda kiko hivi," akasema. "Sanduku lilingane na kijiti." Nikaliunda kwa kipimo cha kijiti, nikalifunika turubai.

Turubai likatulia, mpaka siku moja alipoingia karakana mwanamke mwenye tumbo la kukaribia kujifungua. Vumbi la mbao likiwa bado linatua, akanisalimia.

"Shikamoo, baba fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia? Hapa hakuna kitu cha kwako."

"Najua. Nimekuja kukiona hicho ambacho hakipo."

Alikuwa Sperancia, mke wa Deo. Nikamwambia arudi nyumbani, kwamba mama mkwe wake akijua atatuchoma wote wawili kwa maneno. Mama Deo tulimfahamu eneo zima: mjane, mkulima hodari, mwimbaji wa kwaya ambaye hata padri alikuwa akimwangalia kwanza kabla ya kuanzisha wimbo. Sperancia akavuta kiti, akakaa taratibu.

"Mtoto wa kwanza nililala naye kitandani," akasema. "Nilikuwa nimechoka sana. Asubuhi mimi niliamka, yeye hakuamka. Daktari akasema hawezi kujua sababu. Nyumbani wao sababu wanayo: nilinunua soksi kabla. Mimi sijui lolote, baba. Ninachojua naogopa kulala. Na safari hii wameshaniambia nitapasuliwa, sitaweza kuinuka na kuinama. Nataka alale kwake, ila niwe namgusa."

Nikaondoa turubai.

Pale karakana palikuwa na kitanda cha futi tano kwa sita kikingoja mteja wake, pamoja na godoro lake. Nikakipima kwa kijiti cha Deo, tofauti ikawa ndogo, nikasawazisha kwa mbao nyembamba. Nikasukuma sanduku la vitu mpaka ubavuni mwake. "Lala hapo," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza nilisema maneno ya Mzee Zakaria bila kumwadhibu mtu. Akatandika kitenge chake, akajilaza kwa ubavu, akanyoosha mkono. Kiganja kikatua katikati kabisa. Akafumba macho. Nikachukua mbao iliyokwisha kupigwa msasa nikaanza kuipiga msasa upya, kwa sababu machozi ya mtu mwingine hayatazamwi kwa mikono mitupu.

Mnajua karakana yangu ilivyokuwa, barabarani, mbele hakuna ukuta. Na siku yenyewe ilikuwa ya mnada. Akina mama waliokuwa wanarudi na ndizi kichwani walisimama pale, wakaangalia mjamzito amelala kwa fundi mchana kweupe na mkono wake umo ndani ya kitanda cha mtoto. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanayatunza yasimwagike njiani. Sperancia alipofika Mabawe, habari ilikuwa imeshafika, imekula, na imepumzika.

Kesho yake Mama Deo akaja. Nilimwona kwa mbali nikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Fundi, umemlaza mke wa mwanangu kwenye kitanda cha mtu ambaye hajaja?"

"Mama, tulikuwa tunapima sanduku."

"Sanduku la nini?"

"La vitu."

Aliniangalia mpaka vitu vyote vikaisha. "Lipasue uwashie moto," akasema. "Kwangu halivuki mlango. Yule binti keshazika mmoja. Mnataka azike wangapi ndipo mridhike?" Akageuka akaenda zake. Nilimkasirikia, sifichi. Nilijiambia, tazama mwanamke anayeogopa mbao kuliko malaria.

Mtoto akazaliwa, wa kike, kwa kisu kama walivyosema, na wote wawili wazima. Deo akanipigia simu siku ya kuruhusiwa kwao. "Fundi, leta sanduku."

"Deo, mtoto kazaliwa. Unaruhusiwa sasa kuliita kitanda."

"Leta sanduku," akarudia. Alishazoea.

Mimi na dereva wa bodaboda tukalifunga kwenye pikipiki kwa mipira ya tyubu, mimi nimekaa nyuma nimelikumbatia kama mchumba, tukapanda na kushuka milima mpaka Mabawe. Deo hakuwepo, alikuwa amekodi gari kwenda kuwachukua hospitali. Mlangoni alisimama Mama Deo, mikono kiunoni. Nikampa shikamoo ingawa umri wetu unakaribiana. Niliona haidhuru.

"Mwanangu kasema kiingie," akasema. "Basi kiingie. Lakini mtoto atalala na mama yake kama watoto wote walivyolala. Hicho mtaweka nguo."

Tukaingia chumbani, nikakisogeza ubavuni mwa kitanda kikubwa, nikabaki nimeduwaa. Godoro la kichanga lilikuwa chini, la mama juu, na kati yake kimo cha tofali zima. Nikatoa futi, nikapima kazi yangu. Iko sawasawa na kijiti. Nikainama nikaangalia chini ya kitanda kikubwa.

Ninyi mliozaliwa huku hamhitaji kuambiwa, lakini niseme kwa ajili ya hiyo simu yako isiyojua. Maharage yakishavunwa na kukauka hayawekwi jikoni kwenye panya, wala stoo inayovuja. Yanawekwa chumbani, penye saruji, chini ya kitanda cha watu wanaoaminika. Na magunia yakiwa mengi, kitanda kinainuliwa juu ya matofali. Deo alikata kijiti chake kabla ya mavuno. Mavuno yakaja, yakawa mazuri, mama yake akaleta mbegu zake zote kwenye chumba kikavu kuliko vingine, na kitanda kikapanda. Katika nchi nzima nadhani ni sisi tu ambao kimo cha kitanda kinategemea mvua.

"Magunia yatoke," nikasema.

"Hayatoki. Ile ni mbegu. Kitanda chako ndicho kifupi. Kitie matofali na chenyewe."

Nikamwonyesha. Nilikipandisha juu ya matofali, nikaushika ubao kwa kidole kimoja, nikavuta kidogo, kama mama anavyovuta akiwa gizani anatafuta mtoto. Mguu ukateleza, kitanda kikainama upande. Kitanda kikubwa ni kizito, kinayakandamiza matofali yakatulia. Cha kichanga ni chepesi, kinayachezea. Kuongeza miguu kungenirudisha karakana, na gari lilikuwa njiani. Nikakishusha chini. Mama Deo alikuwa ameyatazama yote.

"Yule binti," akasema baadaye, "siku ile pale kwako. Alifanyaje hasa?"

"Alilala, mama. Akanyoosha mkono."

Akavua kandambili. Akapanda kitandani, akajilaza ukingoni kwa ubavu, kichwa chini, kama alivyolala Sperancia. Akanyoosha mkono. Mkono ukavuka ukingo wa godoro ukaning'inia hewani, vidole vikakwangua ubao wa juu tu.

"Haufiki," akasema.

Hakuinuka. Nikangoja aseme si unaona, nilikwambia. Akasema akiangalia ukuta:

"Wa kwangu wa kwanza nilimsukia mkeka. Mdogo, hivi. Nilikuwa na mimba, nikasuka kila jioni, mama yangu ananikataza na mimi nacheka. Nikautia na rangi. Ndio tuliomzikia."

Nilikuwa nimeshika nyundo, sijui kwa nini. Nikaiweka chini. Yale maneno yangu ya mbao na malaria, niliyoyaona ya akili sana njia nzima, niliyaonea aibu. Nilitaka kumwambia pole na nikamwambia, ikatoka ndogo.

"Pole ya nini," akasema. "Shika huko."

Alikuwa ameshashuka na kushika pembe za gunia la kwanza. Tulivuta wazee wawili, mmoja ana mgongo mbovu na mwingine ana kiburi, magunia yakatoka moja moja mpaka sebuleni. Yalijaza sebule yote, na nasikia wageni waliokuja kumwona mtoto walikaa juu ya maharage mpaka msimu wa kupanda. Tukatoa matofali, kona baada ya kona, kitanda kikubwa kikashuka kwa mlio. Nikasogeza cha kichanga. Magodoro yakakutana, kimo kimoja, hakuna pengo. Nilipotaka kukifunga kwenye kitanda kikubwa kwa zile tyubu za pikipiki, alininyang'anya. Alifunga mwenyewe, fundo la kufungia mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, akatikisa, akaongeza jingine.

Kisha akapanda tena kitandani. Sikumwambia. Akalala kwa ubavu, akanyoosha mkono, na kiganja kikatua kwenye lile godoro dogo jipya ambalo hakuna aliyewahi kulilalia.

"Umefika," akasema.

Nje gari likapiga honi. Nikatoka mimi kwenda kuwafungulia mlango, kwa sababu Mama Deo alikuwa bado hajautoa mkono.